Siku Niliyomwozesha Mwalimu wa Bi Somoe

Jamani, nacheka sasa kwa sababu miezi imepita, lakini nawaambia ukweli, wiki mbili nzima baada ya siku ile nilikuwa natoka nyumbani kabla hakujapambazuka, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi, ili mtu yeyote wa mtaa wetu asinione usoni, na hata hivyo mama anayeuza genge pale kona alinitambua kwa mwendo tu, akaniita kwa sauti ya kusikika Goba nzima, "Mshenga! We mshenga, leo unamwozesha nani?" Mwanaume mwenye miaka arobaini na mbili, baba wa watoto watatu, fundi makochi ninayeheshimika pale Keko, nikaongeza mwendo kama kibaka.

Sasa nisikilizeni nilivyofikishwa hapo, maana wengi mmeisikia nusunusu na nusu yenyewe imetiwa chumvi.

Mie nilikaa Keko miaka kumi na moja, nyumba ya kupanga, vyumba sita choo kimoja, na pale ujirani hauutafuti, unaamka nao. Ukikaanga samaki, mtu wa chumba cha mwisho anajua kama ni changu au ni kibua. Ukigombana na mkeo usiku, asubuhi mwenye nyumba anawapa pole. Nilichoka. Kwa hiyo nilipopata kiwanja Goba, kule mlimani, kitu cha kwanza nilichojenga, kabla hata ya kupiga lipu ndani, ni ukuta (mrefu, na juu nikapanga vipande vya chupa, nikajiona mjanja kweli). Miaka mitatu tukaishi nyuma ya ukuta ule. Mke wangu Zuhura aliwajua watu wote, nani anaumwa, nani kajifungua, nani mwanawe kapata kazi. Mie nilijua rangi za mageti. Jirani wa kushoto, geti la bluu. Basi, ndiyo elimu yangu yote hiyo.

Likizo ya shule ilipofika Zuhura akaenda Masasi kumuuguza mama yake, akabeba na watoto. Ijumaa moja akanipigia simu.

"Baba Shadia, kesho usisahau shughuli ya jirani. Saa tisa. Kadi nilikuachia juu ya friji."

"Naikumbuka."

"Uende kweli, usinitie aibu. Yule mtu ametufanyia wema mwingi sana."

"Zuhura, kwani mie mtoto?"

Kadi nilikuwa naikumbuka, sikatai, ila sikuwa nayo. Asubuhi moja nikiwa na haraka niliichukua, nyuma yake nikachora vipimo vya kochi la kona, nikampa fundi mwenzangu, naye akaondoka nayo kwenda kwa mteja Kigamboni. Nilichokumbuka ni maua ya waridi pembeni na neno "sherehe". Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa sababu ningesema tu, "Mke wangu, kadi imepotea, hiyo shughuli ni ya nani na ni ya nini?" mngekuwa hamna cha kunicheka leo. Lakini kuuliza ilikuwa ni kukiri kwamba miaka mitatu sijui hata jina la mtu tunayepakana naye ukuta, na hotuba ya Zuhura kuhusu jambo hilo naijua mwanzo mpaka mwisho. Nikanyamaza. Nikajiambia, maua ya waridi, hiyo ni sendofu, kuna binti anaolewa. Jumamosi asubuhi nikaenda kununua doti ya khanga, nikachagua kwa makini kabisa, imeandikwa "Nyumba ni Mume, Mengine ni Mapambo".

Saa tisa kamili nikavaa shati langu la kitenge, nikajipulizia marashi, nikatoka. Turubai limepigwa kuanzia kwenye geti la bluu hadi karibu na langu, viti vimejaa, muziki unalia, pilau unainusa kutoka barabarani. Mlangoni kulikuwa na dada anapokea wageni.

"Karibu kaka. Wewe ni wa upande upi?"

Ningesema "jirani" nikaishia hapo. Si unajua tena mdomo ukishaona hadhira! "Mie wa ukuta kwa ukuta," nikamwambia, "mtu wa humu humu ndani. Sie ni kama familia moja."

Dada akafurahi kweli, akapokea khanga yangu, akanishika mkono akanipeleka safu ya mbele kabisa, nikaona anakwenda kumnong'oneza MC, nami nikakaa nimekunja nne kama mjumbe wa nyumba kumi.

Nikaangalia meza kuu. Katikati msichana kavaa gauni la waridi, mzuri, kainamisha macho. Kushoto kwake kijana ndani ya suti. Kulia kwao bibi mmoja mnene kidogo, gauni la bluu na mtandio mweupe, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, anatabasamu na kila mtu. Nyuma yao bango kubwa, HONGERA SOMOE (chini yake kulikuwa na maneno mengine, maua yameyafunika, na mie sikujisumbua kuinuka niyasome). Kichwani kwangu kila kitu kikakaa mahali pake. Somoe ndiye huyu binti, nikasema, wamempa jina la zamani, la nyanya yake bila shaka. Yule ni mchumba, na yule bibi ni bibi yake.

Kabla sijamaliza soda ya kwanza MC akanguruma, "Tunaye hapa jirani wa ukuta kwa ukuta! Amesema mwenyewe ni mtu wa ndani! Jirani, njoo utuambie Somoe unayemjua wewe!"

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Ningeshika koo nikajifanya sauti imekauka. Lakini watu walipiga makofi, na mie makofi yananilevya, nikainuka nikaishika maiki.

"Somoe huyu," nikaanza, "Somoe huyu sote tumemlea."

Wakacheka. Nikajua nimewashika.

"Nimemwona akikua! Tangu anakwenda shule na soksi zinashuka, daftari kwapani. Nikamwambia mke wangu, yule mtoto atafika mbali."

Sasa watu wanapigapiga meza, kuna shangazi mmoja anafuta machozi kwa upindo wa khanga, na mie badala ya kujiuliza kichekesho kiko wapi nikaona leo nimebarikiwa ulimi. Nikamgeukia kijana wa suti. "Na wewe bwana, umepata mke. Akirudi nyumbani mpokee mkoba, akikosea mwelekeze kwa upole, na Mwenyezi Mungu awajaalie mapacha!"

Kijana akapaliwa na soda. Msichana wa waridi akafunika uso kwa mikono yote miwili (haya, nikasema moyoni, binti kafunzwa). Nikaona nimalizie na wazee, ndiyo adabu. "Na wewe bibi yetu, kazi umemaliza. Umri wa kuhangaika umekwisha. Sasa ni kukaa barazani, unyooshe miguu, usubiri vitukuu. Mengine tuachie sie vijana."

Kicheko kikakatika. Halafu kutoka meza ya katikati akainuka mwanaume kifua kama kabati la milango mitatu, akauliza bila maiki na kila mtu akamsikia, "Samahani, huyo mke wangu anaolewa na nani?"

MC akanisogelea, mkono mdomoni, akidhani maiki haisikii. "Braza, Somoe ni huyo bibi. Kafaulu kidato cha nne. Huyo wa waridi ni Mwalimu Neema, alikuwa anamfundisha hesabu. Mwenye suti ni mjukuu wake Bi Somoe."

Maiki ilisikia. Ilisikia vizuri mno.

Nilitamani ardhi ipasuke, ardhi ya Goba ikakataa. Nikatazama nyuma ya meza kuu, nikaona upenyo, na mwisho wa upenyo huo ni ukuta wangu mwenyewe, na vile vipande vya chupa vinametameta juani, vimenisubiri. Njia pekee ilikuwa kurudi katikati ya watu mia na kitu. Nikapiga hatua, mguu ukanasa kwenye waya wa spika, spika ikalia kama mbuzi anayechinjwa, nami nikatua kwa magoti, kiganja kimoja ndani ya bakuli la kachumbari.

Hapo ndipo Bi Somoe aliponyanyuka.

Hakuharakisha. Alivaa miwani, akaiokota maiki kutoka chini, akanishika mkono (ule wa kachumbari) akaniinua, na alipoanza kusema hakuniachia.

"Mwaka wangu wa sitini na nane huu," akasema. "Watu wananicheka jirani yangu. Mnamcheka nini? Kasema kaniona nikikua. Kwani kakosea? Nilimaliza la saba nikaozeshwa, nikazaa, nikalea, nikauguza, nikazika. Kukua kwangu mwenyewe nimeanza nikiwa na miaka sitini na tatu, nilipokwenda kujiandikisha masomo ya watu wazima, na mwalimu wa zamu akaniuliza, bibi, umemleta mjukuu? Soksi zilishuka kweli, maana miguu imevimba. Daftari kwapani kweli."

Watu wakaanza kucheka tena, ila kicheko cha aina nyingine.

"Kasema wamenilea. Na hilo pia kweli. Hesabu nilianguka mara mbili. Mara ya tatu nilisoma kila jioni, na umeme wangu ulipoisha nilitoa kiti nikakaa pale kibarazani, kwa sababu taa ya ukutani kwa huyu bwana inaangaza mpaka kwangu. Aljebra yote nimeisomea chini ya taa yake. Yeye hajui. Leo ndiyo anajua. Na wewe baba," akamgeukia yule mwenye kifua cha kabati, "kaa ule pilau, mkeo tunakurudishia."

Turubai zima likainuka. Vigelegele, makofi, MC anazungusha leso hewani, Mwalimu Neema analia na kucheka kwa pamoja. Nami nimesimama pale, suruali ina vumbi magotini, ninapigiwa makofi kwa taa niliyoifunga kuzuia wezi.

Baadaye, watu wanakula, akaniita nikakae karibu yake.

"Shikamoo bibi," nikamwambia, na ndiyo ilikuwa shikamoo yangu ya kwanza kwake kwa miaka mitatu.

"Marahaba mwanangu. Khanga yako nimeisoma. Mume wangu ana miaka tisa kaburini, lakini nitaivaa, rangi nzuri." Akanisogezea sahani ya pilau, akaongeza nyama kutoka kwake. "Mie nilishawahi kuja kwako, unajua?"

"Lini bibi?"

"Ile mara ya pili nilipoanguka. Vipimo na pembe vilinishinda, na Zuhura aliniambia mume wake fundi, kupima ndiyo kazi yake. Nikaja Jumapili na mfuko wangu wa madaftari, Zuhura hakuwepo, nikagonga. Ulichungulia dirishani ukasema, 'Leo hatununui, mama.'"

Nikalirudisha tonge la pilau kwenye sahani. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikukumbuka. Nimewafukuza watu wengi sana kwa sentensi ile, siwezi kujua yeye alikuwa yupi.

"Kwa nini hukuyasema yale pale mbele? Watu wote walikuwa wanakusikiliza."

Akatafuna taratibu, akameza. "Ya pale mbele yalikuwa yanakutosha. Ningekuongezea mzigo wa nini? Kula, pilau inapoa."

Nimekutana na watu wakubwa, nimewapelekea makochi mabosi wenye nyumba za ghorofa, lakini sijamwona mtu mwenye uwezo kama ule, wa kukukuta chini mbele ya kadamnasi, ana jiwe mkononi, jiwe la haki kabisa, akaliweka kando akatafuta jambo jema moja la kweli la kukusema nalo. Mie kwa Bi Somoe nimeshusha bendera.

Zuhura aliipata video kabla sijafika nyumbani (kundi la mtaa halilali). Aliponipigia alicheka mpaka simu ikamdondoka, kisha ikaja ile hotuba, nami nikaisikiliza yote bila kukohoa.

Mnajua nilivyojificha zile wiki mbili, lakini kule karakana sikuwa nimelala. Nilikuwa natengeneza meza ya kusomea, mninga mtupu, droo mbili, na kiti chake kimoja cha mgongo ulionyooka, nikakipigia sponji mwenyewe kwa ajili ya ile miguu inayovimba. Jumapili ya pili nikavipakia kwenye guta, nikagonga geti la bluu kwa mkono wangu.

Alifungua mwenyewe, amevaa ile khanga. Akaizunguka meza, akavuta droo, akarudisha, akapitisha kidole kwenye kona zote nne kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi wake. Akaniambia ameshajiandikisha kidato cha tano. Halafu akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kwenye maiki, "Na wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La pili, bibi. Kidato cha pili. Nikaacha, nikaingia ufundi."

Akatingisha kichwa, akakitazama kiti, akanitazama mimi. "Sasa mbona umeleta kiti kimoja?"

Nikakipima kile kiti kwa shubiri, nikaaga. Naapa mbele yenu, maiki ya mtu siishiki tena maishani, hata wanisihi kwa magoti. Lakini kesho yake asubuhi, nilipofika Keko, kazi ya kwanza niliyoanza nayo ni kupima mbao za kiti cha pili.