Ile Iliyokwisha Kuangaliwa

Mimi ni fundi wa madishi, na sebule za watu nimeziona. Nimefunga madishi Korogwe mjini, nimepanda nayo mpaka Mpale, nimeshuka nayo Handeni, na kila nyumba ina kinyaa chake ambacho fundi hukimeza kwa sababu anataka kuitwa tena. Cha Sadala wa Chanika, pale Handeni, kimenishinda kumeza. Namsema, na akisikia asikie.

Sadala ni mnunuzi wa mahindi. Si mtu wa kuogopwa njiani: anaswali, anachangia misiba, ukikutana naye anawahi kukusalimia. Alianza na baiskeli na mizani ya kuning'iniza, leo ana ghala lake. Wahenga walisema maskini akipata matako hulia mbwata, na mbwata ya Sadala ilikuwa king'amuzi. Hakutaka hivi vya kila mtu. Alikwenda Dar es Salaam akarudi na kile chenye diski ndani, kinachorekodi vipindi na kukutunzia hata kama umelala au uko shambani. Chanika nzima kilikuwa hicho kimoja. Nilikifunga mimi, Enock wa Mkumbara, na nilipomaliza Sadala akaokota bisibisi yangu, akachokonolea meno, akaifuta kwenye kochi na kunirudishia. Hapo ndipo ningepaswa kumjua.

Nilidhani nimemfungia mtu raha. Kumbe Sadala haangalii, Sadala anatunza. Mechi ikichezwa, mkewe Hafsa na watoto wanaiangalia papo hapo, yeye anatoka kukaa barazani mpaka iishe, kwa sababu ataiangalia kwa nafasi yake. Nafasi hiyo haijafika mpaka leo. Akikutana na mtu anamuuliza, "Mechi ya jana uliiona?" Mtu anasema aliiona. "Mimi ninayo," anajibu Sadala, kama mwenye ng'ombe anavyomwambia mnywa maziwa. Na kwa kuwa hajaziona, hataki kuambiwa matokeo. Kinyozi wake, Sabiri, amekatazwa kutaja bao lolote wakati anamnyoa. Kuna mechi ya miaka miwili iliyopita ambayo mji mzima unajua nani alifungwa, hata aliyefunga amekwisha kustaafu mpira, lakini ukiigusa Sadala anatia vidole masikioni. Mtu wa miaka hamsini na mbili.

Ndani ya nyumba hiyo anaishi mama yake, Bibi Mwaija. Waliobaki hai katika watoto wake walikuwa wawili, Sadala wa kwanza na Hussein kitinda mimba. Hussein hakuhamia mjini, alibaki kijijini akilima. Mwaka juzi walikuja watu wa televisheni kutengeneza kipindi cha wakulima, wakamchukua akionyesha jinsi anavyohifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Dakika nne tu. Anafungua gunia, anachota punje, anazirusharusha kiganjani, anamcheka mtangazaji aliyeshindwa kufunga kamba. Mwishoni akaulizwa kama ana salamu. Akatazama kamera akasema, "Namsalimia mama yangu, Bi Mwaija, yuko Chanika. Shikamoo, mama."

Alimpigia kaka yake simu mara tatu kumkumbusha arekodi. Sadala akarekodi, kwa kuwa alikuwa anarekodi kila kitu. Miezi miwili baadaye Hussein alikuwa juu ya pikipiki kwenye barabara ya Mkata, lori likamgonga. Ukiacha zile picha za vitambulisho, ambazo kila mtu ametoka kama amekamatwa, hapakuwa na mahali pengine duniani pa kumwona Hussein akicheka.

Kwenye matanga Sadala aliwasha televisheni. Alisimama mbele ya waombolezaji na rimoti yake iliyofungwa nailoni, akauliza, "Mnamwona marehemu? Bila mashine hii mngemwona wapi?" Watu wakalia, yeye akapokea sifa. Nilikuwepo, nimekaa na sahani ya wali mapajani, wali ule nikampa mtoto aliyekaa karibu.

Arobaini ilipokwisha na wageni kutawanyika, Bibi Mwaija akaomba aonyeshwe kitufe. Hafsa akamfundisha. Tangu hapo kila siku, akishaswali alasiri, anatandika mkeka karibu kabisa na kioo kwa sababu macho yake yana ukungu, anamfungua mwanawe. Hussein akisema, "Shikamoo, mama," yeye anaitika, "Marahaba, mwanangu." Halafu anazima, anakunja mkeka, anakwenda kuchambua mchicha. Hayo nimeyaona mwenyewe mara mbili, nilipokuja kurekebisha dishi.

Mara ya pili aliniita kando.

"Fundi, huyu hawezi kutoka humo?"

"Kwenda wapi, bibi?"

"Kupotea."

Nikamwambia hapotei, ilimradi mtu asimfute. Akashukuru kana kwamba mlinzi ni mimi.

Hapa niseme na la kwangu, nisije nikaonekana malaika. Vinavyorekodiwa ndani ya king'amuzi kile havitoki. Ukichomoa diski ukaipeleka kwenye kompyuta, huoni kitu. Lakini dakika nne ningeweza kuzichukua kwa simu, nikaielekeza kwenye kioo tu, nikamrushia Hafsa kwenye simu yake. Bibi mwenyewe ana simu ya kitochi, isiyopiga hata picha. Nililiwaza jambo hilo nikiwa pale pale sebuleni, na simu iko mfukoni. Nikasema nitafanya nikija tena, leo nina dishi lingine la kufunga. Uvivu ule nautemea mate.

Mwaka ukakatika. Sadala akaanza kunung'unika kwamba mama anakizeesha chombo, kila siku kitu kile kile, kana kwamba mama ndiye aliyepaswa kuchoka kumwona mwanawe. Halafu, mwezi wa tatu mwaka huu, akanipigia simu asubuhi: king'amuzi kimegoma kurekodi, na jioni ile kuna fainali. Alisema fainali kwa sauti ya mtu mwenye mgonjwa ndani. Nikawasha pikipiki kutoka Korogwe.

Nilimkuta Hafsa juu ya ngazi, kitambaa cha maji mkononi, anasugua dishi. Kioo kilikuwa kimeandika, "Diski imejaa. Futa." Naye akasoma dishi imejaa, na kwa vumbi la Handeni lilivyo, nani angeshangaa? Alikuwa analifuta kwa mara ya tatu siku hiyo. Nilicheka, naye akacheka alipoelewa. Sadala akamwita mjinga mbele yangu na mbele ya watoto wake. Kicheko kikaishia hapo.

Nikafungua orodha. Rekodi mia moja themanini na nne.

"Mzee Sadala, kimejaa. Lazima ufute baadhi ndipo kiendelee."

"Nifute nini?"

"Anza na hizi mechi za zamani."

"Sijaziona hizo."

"Hii tamthilia? Ina sehemu arobaini."

"Hata sijaianza."

"Hii taarifa ya habari ya mwaka juzi, na utabiri wa hali ya hewa humo humo?"

"Nayo sijaiona. Iache."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mtu anatunza mvua ya mwaka juzi aje aijue kama itanyesha. Tukaendelea hivyo, mimi nataja, yeye anakataa, huku anakula karanga na kutema maganda kwenye kifuniko cha sanduku langu la vifaa. Mwisho akasogeza uso kwenye kioo.

"Ile yenye tiki ya kijani ni kitu gani?"

"Tiki ni alama kwamba imekwisha kuangaliwa."

"Ziko ngapi za hivyo?"

"Moja tu."

"Basi futa hiyo."

Nikamtazama nikidhani anatania, maana sisi Wasambaa na wao Wazigua hatuishiwi maneno ya kuchomana. Hakuwa anatania.

"Mzee, hiyo ni ya marehemu Hussein."

"Naijua. Si imeangaliwa? Imeangaliwa mwaka mzima. Hizi nyingine hata mara moja bado. Sasa haki iko wapi?"

Alisema haki. Mdomo umejaa karanga, anasema haki. Nimezibua mabomba ya watu kabla sijawa fundi wa madishi, nimeokota panya waliooza kwenye madari, lakini uchafu kama huo sijawahi kuukuta. Nikamwambia tukifuta mechi moja tu, moja kati ya mia, nafasi itatosha fainali na itabaki. Akasema mechi ni mechi. Nikaweka rimoti juu ya meza nikamwambia mimi sifuti.

"Nilikuita unifundishe, sikukuita unifutie," akasema, akaichukua mwenyewe.

Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Naapa iliuliza, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Chuma kilikuwa na ubinadamu wa kusita. Sadala akabonyeza ndiyo juu ya nailoni yake, mstari ukatoweka, na mistari mingine ikapanda juu kuziba nafasi. Kikifutwa mle hakirudi. Nilipiga simu mpaka kwenye kituo cha televisheni wiki iliyofuata, nikazungushwa, nikaambiwa vipindi vya zamani hivyo hawana tena.

Hatukuwa tumenyanyuka pale alipoingia Bibi Mwaija na mkeka wake. Ilikuwa imetimu saa kumi. Nikamwamkia, akaitika, akauliza wazima huko Korogwe. Akatandika, akakaa, akapokea rimoti kutoka kwa Sadala. Akabonyeza pale alipozoea. Ikatokea tamthilia. Akarudi nyuma, akabonyeza tena, polepole, kwa kidole cha shahada. Akasogea mpaka uso ukagusa kioo.

"Sadala, mbona simwoni mdogo wako?"

Nilitaka kumsikia atasema nini. Nilidhani atanyamaza, au atasema king'amuzi kimeharibika, uongo wa kawaida ambao mtoto humdanganya mzazi kwa aibu. Lakini aibu inahitaji mahali pa kukaa.

"Imekwisha, mama," akasema. "Vitu hivi vina mwisho wake, kama betri ya tochi. Umeiangalia kila siku, kila siku, mpaka umeimaliza."

 Bibi akanigeukia mimi, kwa kuwa fundi ndiye anayejua.

"Kweli, fundi? Nimemmaliza?"

Sadala alisema umeimaliza. Yeye akasema nimemmaliza. Nilikuwa na la kumjibu, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Sadala ananitazama. Nusu ya madishi ninayofunga Handeni ninaitiwa na jamaa zake wa mahindi. Hafsa yuko mlangoni, kitambaa chake bado kinachuruzika maji, anasubiri nami nifungue mdomo.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Huwa inatokea."

Akatikisa kichwa taratibu, akakubali, maana hajawahi kuniona nikisema uongo.

"Ningejua," akasema, "ningekuwa namwangalia Ijumaa kwa Ijumaa."

Akajaribu kuukunja mkeka, ukamshinda, Hafsa akaja kumsaidia. Alipokwisha kusimama alimwendea Sadala, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Unisamehe, baba. Nimekuharibia chombo chako."

Sadala akamalizia karanga aliyokuwa anatafuna.

"Usijali, mama," akasema. "Nimekusamehe."