Pacha Aliyebaki Nyumbani

Juzi nilipita soko la Birongo kununua ndizi, na pale wanapokaa akina mama wa mboga, mama mmoja mzee aliacha kuchambua mboga zake za chinsaga akanikazia macho. Hakunisalimu kwanza, jambo ambalo mtu mzima wa kwetu halifanyi hivi hivi. Aliniuliza tu, "Wewe ni yupi?"

Nikamwambia. Akashusha pumzi. "Aa, yule aliyebaki," akasema, akarudi kwenye mboga zake. Nilinunua mafungu mawili ambayo sikuwa na haja nayo, nikaondoka na baridi mikononi ingawa jua lilikuwa kali. Miaka zaidi ya ishirini imepita, rafiki yangu, na bado kuna watu katika milima ile ambao wakiniona hutazama chini kwanza kuhakikisha kwamba nina kivuli. Kaa nikueleze ilivyokuwa.

Kwetu ni juu kileleni, upande wa Nyamira. Asubuhi ukungu ulilala juu ya majani chai hadi saa tatu, mzito, na ulisikia wachumaji wakiongea na majani yakikatika kabla hujamwona hata mmoja. Mchana jua lilitoka, saa nane mvua ikaja, mara nyingine ya mawe, ikapiga mabati hadi watu wakawa wanaongea kwa ishara. Jikoni kulinuka moshi wa mikaratusi na uji wa wimbi ambao Nyanya aliuacha uchachuke kidogo. Ninaisikia harufu hiyo hata sasa ninapokuandikia.

Tulikuwa wasichana wawili, pacha wa sura moja. Baba hakuwahi kutujua kwa uhakika, kwa hiyo alituita "nyinyi" hata akimkuta mmoja. Mama alitufunga nyuzi za sufu mkononi, mimi nyekundu, dada yangu ya buluu, nasi tukawa tunabadilishana ili tumcheke. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, tukachota maji kwa zamu ambayo hatukuihesabu kwa sababu yeyote aliyekwenda ilikuwa sawa. Nyanya alikuwa na msemo wake: pacha ni mtu mmoja aliyeingia duniani kwa milango miwili. Tuliupenda sana msemo huo. Baadaye uliniogopesha.

Tulikuwa na miaka saba. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tukitafuna miwa, nikaona makapi anayotema dada yangu ni mekundu. Tukacheka, tukadhani ni aina ya muwa. Halafu homa ikaja. Zahanati ikasema malaria, ikasema malaria tena. Miguuni alitokwa na alama za buluu kama mtu aliyepigwa, hata mwalimu akamwita Mama kando kumuuliza kama tunachapwa nyumbani. Mwishowe daktari mmoja mjini Kisii akambonyeza tumbo, akamtoa damu, akatuita ndani sote. Alisema ni saratani ya damu, wao wanaiita lukemia. Inatibika kwa watoto, lakini matibabu ni ya miaka, tena katika hospitali kubwa nje ya Gusii, safari ya kutwa nzima.

Kisha akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Huyu ni mzima," Mama akasema.

"Ni pacha wa yai moja. Mmoja akipata, lazima tumwangalie na mwenzake."

Akanidunga na mimi. Damu yangu ilikuwa safi. "Kwa sasa," akasema. "Mleteni kila baada ya miezi mitatu." Sikulielewa jambo lingine lolote siku ile, ila maneno hayo mawili niliyabeba hadi nyumbani: kwa sasa.

Mama akaenda na dada yangu. Baba akawa anakwenda na kurudi. Nikabaki na Nyanya katika nyumba iliyokuwa kubwa ghafla.

Kila Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, Nyanya alinisimamisha ndani ya karai mlangoni, mahali penye mwanga, akaniogesha akinikagua. Mgongo, mapaja, nyuma ya magoti. Alivuta mdomo wangu chini kuangalia ufizi. Nilikuwa mtoto wa mashambani, nilikuwa na alama kila mahali, na kila alama alinihoji habari zake. Hii ni ya nini? Niligongwa na mbuzi. Na hii? Nilianguka mtoni. Nisipokumbuka, aliibonyeza kwa kidole gumba, na alama hiyo niliiangalia kila siku hadi Ijumaa nyingine.

Kwenye kibanda cha kupimia majani chai, akina mama waliniuliza mimi, "Unaendeleaje?" kwa sauti ile ya kuongea na mgonjwa. Mmoja aliniletea mayai akasimama hadi nikayamaliza. "Kula," Nyanya naye aliniambia kila jioni, akiniongezea obokima, ugali wetu, ambao tumbo langu halikuutaka, "kula, mwenzako ashibe." Nilikula kwa ajili ya wawili. Siku nyingine niliamka na ladha ya chuma mdomoni, nikatapika bila kuugua. Sikumwambia mtu. Mpaka leo sijui ilikuwa nini, wala sitaki kujifanya najua.

Shuleni majina yetu yalifuatana kwenye rejista. Siku moja mwalimu alisahau akaita lake. Nami nikaitika. Ulimi uliitika kabla yangu. Mwalimu akainua kichwa. "Nani ameitika?" Nusu ya darasa ikaninyoshea kidole mimi. Nusu nyingine ikanyosha vidole kwenye nafasi tupu kando yangu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akafunga rejista taratibu, akatutoa nje tukapalilie maua.

Baada ya miezi mitano waliruhusiwa kuja nyumbani wiki mbili. Nilikimbia hadi barabarani. Mama aliteremka na mtoto nisiyemjua: kichwa hakina unywele hata mmoja, mashavu yamevimba kwa dawa hadi macho yakawa madogo. Nilitafuta nyuma ya Mama nione dada yangu yuko wapi. Yule mtoto akanitazama muda mrefu, bila hasira.

"Umechukua uso wangu," akasema.

Hakuruhusiwa kulala nami. Mtu mwenye mafua hakuingia, maji yalichemshwa, matunda yalipikwa, hata ndizi. Alilala chumba cha Mama. Mchana nilikaa mlangoni, yeye kitandani, tukatazamana. Siku ya kuondoka, uzi wake wa buluu ulikuwa ukimbana kwa uvimbe, akaufungua kwa meno akanipa. Niliufunga mkono wangu wa pili.

Walipokwenda nilimwomba Nyanya aninyoe. Nilitaka tufanane tena. Nyanya alishtuka kama nimetukana. "Kichwa hunyolewa kwa sababu ya kifo," akasema. "Katika boma hili hakuna aliyekufa. Usilirudie."

Kwa hiyo nilijinyoa mwenyewe. Ilikuwa mwezi uliofuata, siku ya ukungu ambayo jua halikutoka kabisa. Niliiba wembe na kipande cha sabuni, nikashuka hadi kisimani, nikajikwangua nikitumia maji kama kioo. Nilijikata mara tatu. Nilipomaliza niliogopa kurudi, nikakaa pale chini nimejikunyata, nikiziangalia nywele zikizunguka juu ya maji bila kwenda popote.

Wakati huo huo simu ililia huko juu. Mlima wetu wote ulikuwa na simu moja ya mkononi, ya jirani yetu mwenye duka, mama wa kanisa mwenye moyo mzuri. Aliyepiga alikuwa Baba, kutoka hospitalini. Mtandao ulikuwa mbovu. Jirani alisikia, "Mwambie Mama," yaani Nyanya, mama yake, "kwamba mtoto amelala," kisha simu ikakatika. Wewe unajua neno hilo lilivyo. Nyumbani kwetu, kanisani kwetu, hatusemi mtu amekufa. Tunasema amelala, hadi siku ya ufufuo.

Nilisikia vilio vikianza. Kilio cha Gusii hakianzi mahali pamoja, kinashikwa na boma hili, kinapokewa na lile, hadi mlima wote unalia na humwoni mliaji. Nilidhani ni Nyanya aliyekufa. Nilipanda mbio katikati ya majani chai, nguo imelowa, damu kidogo kichwani, nikatokea kwenye ukungu mbele ya nyumba.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mabenchi ya kanisa yalikuwa yameshaletwa. Mwanamke aliyekuwa karibu na ua aliniona kwanza, na kilio chake kikakatika katikati. Kisha mwingine. Kikazimika mtu baada ya mtu hadi nikasikia maji yakidondoka kutoka paani. Walimwona msichana yule waliyekuwa wakimlilia, kichwa kitupu kama walivyomwona mara ya mwisho, amesimama mlangoni mwa boma. Mama mmoja akaketi chini kwenye matope. Wanaume wakarudi nyuma. Nikamsikia jirani yetu akisema polepole, "Amekuja kumchukua mwenzake."

Ni Nyanya peke yake aliyenijia. Alinishika masikio, akanipapasa kichwa, akavuta mdomo wangu chini akaweka kidole kwenye ufizi. Akainua mkono wangu wa kulia, akaona uzi mwekundu. Akainua wa kushoto, akaona wa buluu.

"Wewe ni yupi?" akaniuliza.

Nikataja jina la dada yangu.

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini. Kufikia hapo nilikuwa nimeelewa kwamba mmoja wetu amekufa. Nilifikiri nikitaja langu, basi lake ndilo lililokufa. Nikalitaja lake ili liwe hai.

Hakuna aliyepiga kelele. Nyanya alisema tu, "Ana joto. Huyu ana joto," akanifunika kwa shuka lake, akaketi nami kwenye benchi la mbele akinishika kama mtu aliyeshika kuku sokoni. Watu hawakujua wafanye nini. Hawangeweza kulia, hawangeweza kuimba, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka kwenye ua ule. Tukakaa hivyo, watu arobaini au hamsini, tukingoja.

Simu ilipolia tena, jirani aliishika kama kaa la moto. Hakuweza kuijibu. Nyanya akaichukua, akaishika juu chini, ikabidi ageuziwe. Baba alikuwa anapiga kelele kwa sababu ya mtandao, tukamsikia sote.

"Mama! Ilikatika! Nilikuwa nasema amelala! Siku nne hajafumba jicho kwa maumivu, leo amelala, na sasa ameamka anaomba uji!"

"Rudia," Nyanya akasema.

"Amelala, Mama, na ameamka!"

"Mwanangu," Nyanya akasema, "neno hilo usilitumie tena katika simu." Kisha akaniangushia kofi moja la mgongo, la nguvu, akaniita kwa jina langu, akaanza kulia. Hapo ndipo na mimi nilipolia.

Jirani alilia kuliko sote, akatuletea sukari na majani wiki nzima kuomba msamaha. Hakuna aliyemlaumu. Ila kulikuwa na waliosema kwamba kilio kikishatoka hakirudi tumboni, lazima kitafute mwenyewe. Hawakusema ni nani. Watoto wao wakahama dawati langu. Nami nikakaa nikingoja, Ijumaa baada ya Ijumaa, ndani ya karai, Nyanya akinigeuza geuza kwenye mwanga.

Kilio kile hakikupata mtu. Damu yangu ilikuwa safi mara ile, na mara iliyofuata, na zote nilizopimwa hadi nikafika darasa la nane na daktari akasema yatosha. Matibabu ya dada yangu yalichukua karibu miaka mitatu. Alipona. Ni fundi cherehani Nakuru, ana watoto wawili na kicheko kikubwa kuliko changu. Lakini dawa zilimpunguza kimo, meno yake yakaota kivyake, na nywele zilirudi nyingine, laini. Watu wanaotukuta sasa huuliza nani mkubwa.

Nyanya alituacha tukiwa sekondari. Majani chai yale mengine yaling'olewa, pamepandwa parachichi. Mama hapendi kuzungumzia miaka ile, hutoka kwenda kuangalia sufuria ambayo haiko motoni. Dada yangu hakumbuki chochote, si sindano, si hospitali, si safari. Nilikuwa nimeamini hivyo hadi Desemba iliyopita, tulipokuwa tukimenya ndizi nyumbani, akasema bila kuinua kichwa kwamba kuna kitu kimoja anakikumbuka.

"Nilikuwa chumba cha Mama," akasema. "Nasikia mtu anapumua upande wa pili wa ukuta. Nilidhani ni mimi. Nilidhani mimi mzima niko kule, na kama nikinyamaza, huyo mimi wa kule hataondoka. Nikawa nanyamaza."

Nilitaka kumwambia kwamba usiku wa zile wiki mbili na mimi nilikuwa macho upande wa pili, nimeweka sikio ukutani, nikinyamaza. Sikumwambia. Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo, Baba aliubomoa alipojenga nyumba ya matofali, na mvua ikauteremsha wote kisimani. Tukamaliza kumenya ndizi zile, tukazibandika.