Nani Atamfuata Bibi

Kwenye mashine yetu ya kusaga hapa Sumbawanga, unga unaobaki ndani huingia kwenye ndoo ya anayefuata. Kwa hiyo bibi jirani yangu, ambaye mtaa mzima ulishaamua ni mchawi kwa sababu ya macho yake mekundu, alisagiwa wa mwisho kila siku, ili asifuatwe na mtu.

Jumamosi moja foleni ilikaribia kufika Zambia. Bibi alikaa chini na ulezi wake tangu asubuhi, anatetemeka kwa njaa. Nikapaza sauti, na mimi nikipaza sauti hata kijijini Wampembe, kule ziwani, wanasikia: "Jamani, mimi ni mtu wa Yesu! Bibi asagiwe sasa, nitamfuata mimi."

"Mlokole, leo utapaa na ungo!" dada mmoja akanitania. Foleni ikaangua kicheko.

"Yesu alikula na watu waliokataliwa," nikamjibu. "Shikamoo bibi, lete ndoo."

Akasagiwa. Nikamfuata na mahindi yangu, unga ukatoka na wekundu wa ulezi.

"Haya, na huyu naye atafuatwa na nani?" dada yule akauliza. Nilipogeuka, foleni yote ilikuwa inavuka barabara kwenda mashine nyingine. Mwenye mashine akazima injini.

"Nyie wawili, msikanyage tena hapa."

Bibi alijitwisha ndoo. "Mjukuu wangu, nilikuwa nasagiwa wa mwisho. Sasa nitasagiwa wapi?"

Siku hizi tunasaga kwa jiwe, uani kwangu. Wapitao hutema mate, nami nawasalimu kwa jina la Yesu.