Siku Rukia Aliposimulia Maisha ya Seneta

Nilifunga safari ya Marekani kwa sababu mdogo wangu Rukia aliniambia anaogopa, na yeye si mtu wa kusema hivyo. Anaishi Phillips, mtaa wa kusini mwa Minneapolis, pamoja na mumewe Athman na watoto wao, na ana duka la vitambaa huko. Jumamosi watoto wa Kiislamu wa mtaani husomea Qurani katika ukumbi wa jamii. Ukumbi huo ulikuwa na jina la mtu aliyekufa zamani, Seneta Ezra Hallward, mwanasiasa wa bunge la jimbo katika karne ya kumi na tisa. Baadhi ya majirani walitaka jina hilo liondolewe. Wengine wakaapa kwamba halitoki. Kamati ya ukumbi ikaamua kuwa kabla ya kura maisha ya seneta yasomwe mbele ya watu wote, na msomaji awe mtu asiye na upande. Wakamchagua Rukia.

"Dada, wewe ndiye mwalimu wa historia," aliniambia kwenye simu. "Njoo unisaidie. Nikikosea neno moja hapa, nimeugombanisha mtaa mzima."

Niliondoka Mombasa shule zilipofungwa. Nilipofika upande wa pili wa dunia, afisa wa uwanja wa ndege aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikajibu nimekuja kumwona ndugu yangu. Habari za seneta nikazimeza.

Nje ya uwanja, Athman alikuwa akinisubiri na fulana yake ya kazi ya rangi ya njano, kwani alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye ghala la Shakopee, mji wa jirani, anakofanya kazi. Baada ya salamu na kuulizana habari za nyumbani tuliingia garini, akaendesha akiangalia barabara yenye theluji chafu pembeni.

"Shemeji, nakuomba," akasema mwishowe. "Mwambie mdogo wako aachane na hii story. Intavyuu yake ya uraia ni mwezi huu. Juzi mtu ame-call dukani akamwambia arudi kwao, akasimulie wafu wa kwao. Sisi hapa ni wageni. Mambo yao watajuana wenyewe."

Nyumbani nilimkuta Rukia amekonda. Alinikumbatia kwa nguvu, akaniandalia chai na mahamri, na hata kabla sijamaliza kikombe akaniuliza, "Amekuambia nikatae, sivyo?"

"Amesema."

"Nimeshakubali, dada. Nikijitoa sasa, kila upande utasema ule mwingine ndio ulionitisha."

Asubuhi ya pili alinipeleka Saint Paul, mji mkuu wa jimbo la Minnesota, kwa gari lake. Tulivuka mto ambao barafu yake ilikuwa imeanza kupasuka, tukalipita jumba la bunge lenye kuba jeupe, tukaingia kwenye maktaba ya kumbukumbu za jimbo. Tulishinda humo tukisoma hotuba na magazeti ya kale. Mambo ya seneta hayakuwa siri. Yalikuwa wazi, ila hakuna aliyekuwa ameyasoma yote kwa mpigo mmoja.

Hallward alizaliwa mashariki ya nchi, mtoto wa mhunzi. Alikuja Minnesota kijana, kwa meli ya mvuke iliyopanda mto, akafanya kazi ya ukarani kwa wakili mpaka akawa wakili mwenyewe, kisha akachaguliwa bungeni. Vita vilipozuka kati ya Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na walowezi wa Kizungu, na Wadakota wakashindwa, yeye alikuwa miongoni mwa waliohutubia kutaka watu hao wafukuzwe jimboni, wanawake na watoto pamoja. Walipofukuzwa, alijipatia shamba katika ardhi waliyoiacha. Miaka michache baadaye mtu huyohuyo alizunguka miji akiwaomba wapiga kura Wazungu wawape wanaume weusi haki ya kupiga kura. Wakakataa. Akarudi tena, wakakataa. Mji mmoja walimpiga jiwe la mdomo likamng'oa meno, na bado akarudi mara ya tatu, na safari hiyo wakakubali. Mwisho alishindwa uchaguzi na mtu wa kampuni za reli, akafia shambani kwake.

Alasiri hiyo tulikwenda kwa Mzee Clifton, Mmarekani mweusi, jirani wa Rukia. Ndiye aliyemfundisha kuendesha gari kwenye barafu alipokuja mara ya kwanza. Alitukaribisha vizuri, lakini hakuzungukazunguka.

"Babu wa babu yangu alikuwa kinyozi Saint Paul," alisema. "Alipiga kura kwa sababu Hallward hakunyamaza. Ni mzungu gani mwingine aliyeng'olewa meno kwa ajili yetu? Binti yangu, soma unachotaka, lakini usikubali wamtupe."

Kutoka hapo tulivuka barabara hadi kwa Bi Lorraine, mama wa Kidakota, mjumbe wa kamati. Yeye hakutukaribisha ndani. Alitusikilizia mlangoni, koti begani.

"Mgeni wako ametua uwanja wa ndege," alimwambia Rukia. "Basi amepita karibu na ngome iliyo juu ya mto. Bibi wa bibi yangu alifungiwa kambini chini yake baada ya vita vile, kipindi chote cha baridi, na mtoto wake akafia pale. Nikisikia ukisema seneta alikuwa mtu wa zama zake, nitatoka, na wenzangu watatoka nyuma yangu."

Jioni tuliandika mezani jikoni, na hapo nusura tukosane. Mimi nilitaka maneno ya kupoza, niliogopa ukumbi utawaka. Rukia akayakata kwa kalamu.

"Darasani kwako ukisema hivyo hakuna anayelia," aliniambia. "Mimi watakuwa mbele yangu."

Athman aliyekuwa akiosha vyombo hakugeuka. "Mimi siendi," alisema.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Bi Lorraine na wenzake walikaa kulia, Mzee Clifton na watu wa kanisa lake kushoto. Rukia alipanda jukwaani na hijabu yake ya kijani, karatasi mkononi. Alikuwa hajamaliza ukurasa wa kwanza sauti ya mwanamume ilipolipuka kutoka nyuma:

"Nani amempa huyu ruhusa ya kutusomea historia yetu?"

Niliwaza simu ile ya dukani, nikaanza kupima umbali wa kutoka kwangu hadi mlangoni. Ndipo nikamwona Athman. Alikuwa amesimama karibu na mlango, sijui tangu saa ngapi. Akapita katikati ya watu taratibu, akaja kukaa kiti cha mbele, chini kabisa ya mkewe, akakunja mikono.

"Kamati imenipa," Rukia alijibu. "Na watoto wangu wanasomea chini ya jina hili."

Akaendelea. Alipofika kwenye kufukuzwa kwa Wadakota alikunywa maji, akasoma yote, pamoja na shamba. Bi Lorraine alifumba macho na hakutoka. Kisha Rukia akasoma habari za kura na lile jiwe, kwa sauti ileile, bila kuzipunguza. Mzee Clifton aliinamia sakafu. Rukia alipomaliza hakuna aliyepiga makofi.

Kura zikahesabiwa. Walioshinda ni waliotaka jina liondoke, tena kwa tofauti ndogo.

Mzee Clifton aliinuka kwa fimbo yake, akaja mpaka mbele ya Rukia. "Umesoma kwa haki," alisema. "Lakini leo siwezi kukupa mkono." Akatoka na watu wake. Bi Lorraine alimshika Rukia begani kidogo tu, naye akaondoka. Mdogo wangu aliketi kwenye ngazi za jukwaa akalia kama mtoto, na Athman akamfunika kwa koti lake.

Wiki ya intavyuu tulimsindikiza. Athman na mimi tulibaki garini, yeye akiwa ameshika usukani kana kwamba anaendesha, ilhali injini imezimwa. Rukia alirudi akitabasamu: wamemuuliza maswali ya kawaida, na amepita. Lakini tulipofika nyumbani Mzee Clifton alikuwa kibarazani kwake. Rukia akampungia mkono. Mzee akaingia ndani.

Nilirudi Mombasa na uzito huo. Nimefundisha maisha ya watawala wengi, wote wakiwa mbali nami na mbali na wanafunzi wangu, na sikuwahi kuona somo likimgharimu msomaji rafiki. Nilichojifunza Phillips ni kwamba hiyo gharama ipo, na kwamba Rukia aliijua tangu mwanzo, ndiyo maana aliogopa.

Juzi amenipigia. Walikuwa na mkutano wa kutafuta jina jipya la ukumbi.

"Mzee Clifton amekuja," alisema.

"Mmesalimiana?"

"Hapana. Amekaa kule mwisho. Lakini nilipoanza kusoma majina yaliyopendekezwa, akapaza sauti, 'Ongeza sauti, binti yangu, huku nyuma hatusikii.'"