Mdundo Nilioufuta

Kabla ya kinanda kuja, ngoma za kwaya yetu pale Ifakara zilikuwa mimi. Mkono wangu ukinyamaza, waimbaji wanabaki wanatazamana. Kisha mke wa mwalimu mmoja akahamia kutoka Morogoro, akaja na kinanda cha betri chenye ngoma ndani yake. Anabonyeza kitufe, mashine inapiga, yeye anatabasamu. Watu wakashangilia. Roho iliniuma, sifichi.

Lakini ngoma zile za kinanda zilikuwa za kizungu, hazina kiuno. Nikaona hapo ndipo pa kumwonyesha. Nikaazima kitabu chake cha maelekezo, nikakaa nacho na kamusi, nikagundua kinanda kinaweza kufundishwa mdundo wako mwenyewe: kitufe hiki ngoma kubwa, kile ndogo, pigo moja baada ya jingine, halafu unahifadhi. Nilihangaika majuma mawili. Siku mashine ilipoipiga sangula, ngoma ya kwetu, kama mikono yangu, nilicheka peke yangu kanisani.

Nilijimaliza mwenyewe. Tulipoalikwa harusini Kiberege, gari lilijaa. Mwalimu wa kwaya akaniambia, "Dada, wewe pumzika tu. Si umo humo kwenye kinanda?"

Nilibaki nyumbani napepeta mchele, nikimfikiria yule mama akishangiliwa kwa mikono yangu. Walipokirudisha kinanda kanisani, nilikwenda nikabonyeza kitufe cha kufuta.

Jumapili mdundo haukutoka. Yule mama wa kinanda akanigeukia.

"Dada, mdundo wako umekwenda wapi?"

"Labda betri," nikasema, nikavuta ngoma yangu. Siku ile nilipiga mpaka viganja vikawaka.

Baada ya misa, mwimbaji mwenzangu akanishika mkono. "Yule dada wa kinanda anakupenda kweli. Kule Kiberege alisimamisha wimbo katikati, akawaambia watu mdundo huu ni wa mwenzetu aliyekosa nafasi garini. Wakakupigia vigelegele."

Nilirudi kwenye kitabu na kamusi. Nimeandika programu nyingi za muziki za kompyuta tangu hapo, lakini kazi yenyewe niliijua nikihangaika kuurudisha mdundo ule mmoja. Haukurudi sawasawa. Yule mama alisema huu mpya ni mtamu zaidi, akanishukuru mbele ya kwaya nzima. Nikamwonea wivu upya, safari hii kwa moyo wake.