Mgeni wa Kijani

Mzee Elinaja, rafiki yangu wa Hounslow, huku ughaibuni, alilelewa Upareni kwa neno moja: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa bintiye Lilian amekaa mwaka sasa, na jembe hajapewa. "Baba, wewe pumzika tu," ndiyo kauli ya kila siku. Basi kwa aibu, mzee huamka akatafuta cha kufanya: mara masufuria, mara viatu vya watu.

Jumamosi moja akaona dirishani chupa ya maji yaliyogeuka kijani. Akayamwaga, akaisugua chupa mpaka ikang'aa.

Mjukuu wake Nakijwa akaingia. "Babu! Mwani wangu wa shule! Nilikuwa nauotesha humo!"

Mzee akabaki ameishika chupa, hana pa kuweka uso. Mtoto akamwonea huruma. Akamweleza, nusu Kiingereza, kwamba ule ukijani ndani ya mwani, vile vimea vidogo vya majini, zamani sana ulikuwa kiumbe kidogo kinachojitegemea. Kiumbe kikubwa zaidi kikakimeza, lakini hakikukisaga. Kile kidogo kikabaki humo kikipika chakula kwa mwanga wa jua, na kizazi chake ndicho kilichomo kwenye majani yote.

"Kumbe kilikuja kama mgeni," mzee akasema polepole, "kikapewa jembe."

"Kikawa mwenyeji, Babu."

Lilian alikuwa mlangoni, amesikia. Sasa aibu ikawa yake.

"Baba," akasema akitazama chini, "kesho mpeleke mjukuu wako bwawani mkachote maji mengine. Na jioni utupikie makande."

Mzee akachukua kitambaa. Akaanza kuikausha ile chupa, iwe tayari kwa kesho.