Msumeno wa Uweso Hautupwi

Watu wa mtaa wa Ngamiani wana haya mbele ya wazee, lakini haya hiyo huisha mara tu mzee anapokuwa na kitu kinachotetemeka. Mzee Uweso, seremala, aliligundua hilo siku msumeno wake wa meza ulipourusha nyuma ubao wa mninga, ukampiga ubavuni. Alilala siku tatu, mkewe Time akimkanda kwa maji moto, na katika siku hizo tatu hakuja mtu kumjulia hali akaondoka bila kumwambia: utupe msumeno huo.

Utupe! Kama ganda la muhogo. Msumeno ule una meza ya chuma cha kumimina, watu wanne wakiushika hawauinui, na umesimama katika banda la mbele ya nyumba yake miaka ishirini na sita. Vitanda vya maharusi wangapi vimepita pale? Milango ya nani haikupasuliwa pale? Na haukuwa wa Uweso peke yake. Mafundi wote wa jirani walikuwa na desturi ya kuja na mbao zao, wakawasha, wakapasua, wakafagia unga, wakaenda zao. Ufunguo wa banda ulining'inia nyuma ya mlango wa uani na kila mtu aliujua ulipo. Na akifa mtu mtaani, mbao za kufunikia mwanandani, zile zinazomkinga maiti na udongo, zilikatwa pale bure, saa yoyote, mwenyewe awepo asiwepo. Uweso aliihesabu hiyo kuwa sadaka yake, maana nyingine kubwa hakuwa nayo.

"Fadhila za punda mateke," alimwambia Time, akageukia ukutani. "Wamekula kwa mashine hii mpaka wameshiba, sasa wananifundisha kuitupa."

"Imekupiga, mume wangu."

"Hata wewe hunipigia kelele. Nikutupe?"

Time akacheka, akaongeza maji ya moto, na pengine aliyaongeza moto kuliko ilivyohitajika.

Siku ya nne alikuja mkwewe, Abdulwakil, Mpemba mfanyabiashara aliyemwoa binti yao. Abdulwakil ni mtu mwema asiyepandisha sauti, na wema huo ndio uliomchukiza Uweso zaidi, kwa sababu mtu wa namna hiyo huwezi hata kugombana naye vizuri. Alishusha boksi kubwa kwenye bajaji, akavua viatu, akaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kitu gani hicho?"

"Msumeno mpya, baba. Zawadi yangu na binti yako. Ule wa zamani nimeshazungumza na watu wa vyuma chakavu, watakuja Jumamosi kuuchukua."

Nimeshazungumza! Kumbe mali ya mtu huzungumziwa naye akiwa kalala na ubavu wake. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Uweso aliinuka akishikilia ukuta, akatoka bandani kukitazama kilichotolewa kwenye boksi. Kilikuwa na miguu myembamba ya bati, na meza yake ukiigandamiza kwa dole gumba ilibonyea. Majirani walikuwa wamekwisha kukizunguka, wanakishikashika na kukisifu. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.  Uweso alichukua ubao wa mninga wa inchi mbili, akausukuma. Ulipofika katikati mota ikalia, ikanuka, ikazima.

"Umeme mdogo leo," alisema Abdulwakil kwa upole.

"Umeme ni huu huu unaozungusha feni kwa jirani."

Lakini Uweso hakuwa mjinga, na hasira haikumpofusha. Msumeno wake ulikuwa mbovu kweli. Diski ilikuwa ikicheza kushoto na kulia, mkato ulitoka mpana na wenye mawimbi, na ubao uliompiga ubavuni ungeweza kuuvuta mkono wake kwenye meno. Mkono ukienda, fundi kaenda. Tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Iddi, miezi minane nyuma, alikuwa amebadilisha beringi mara tatu, na kila zikikaa wiki chache zilikwisha. Alimtukana muuza spea kwamba anauza beringi za bandia. Alimtukana mpaka yule kijana akamrudishia pesa, akamwomba asirudi tena dukani kwake.

Basi atengeneze au akubali? Akitengeneza vibaya atapoteza vidole. Akikubali kile kibati, mbao za mninga na mvule zitamshinda, na ufunguo ule nyuma ya mlango hautakuwa na maana tena kwa mtu yeyote. Atakuwa mzee mwenye kibanda na zawadi.

Aliyesisitiza zaidi kuliko wote kwamba msumeno utupwe alikuwa Shaib. Huyu ni fundi vitanda wa nyumba ya pili, aliyezidiwa na Uweso miaka kumi, na hakuna aliyeutumia msumeno ule kama yeye. Alhamisi asubuhi alikuja tena.

"Kaka Uweso, uache uende. Chuma nacho kina ajali yake, siku yake ikifika imefika."

"Weye! Weye uliyepasua hapa kila kitanda ulichouza!"

"Mie nakuhurumia mikono yako."

"Huruma hiyo ilikuwa wapi ukipasua mikangazi yako?"

Shaib akatazama chini, akaondoka bila kuaga. Uweso alizidi kufura. Aliita watu wawili wamsaidie, akafungua mkanda, akafungua beringi, akaitoa shafti, ule mhimili wa chuma unaobeba diski. Akaifunga kwenye gunia, akalifungia gunia kwenye baiskeli, na ubavu wake ukimuuma kila akikanyaga pedeli, akaenda Nguvumali kwa Manase.

Manase ni mkereza vyuma, Mlutheri, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge, na hana maneno mengi. Aliifuta shafti kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaiweka juu ya kioo kinene alichokuwa nacho mezani, akaizungusha polepole kwa kiganja. Ikaenda, ikainuka kidogo, ikaanguka. Ikaenda, ikainuka, ikaanguka.

"Nani kakwambia mashine hii imechakaa, mzee wangu?"

"Ngamiani nzima."

"Haikuchakaa. Imepigwa. Diski imekutana na chuma, ikasimama ghafla na mota inavuta. Shafti ikapinda. Hizo beringi zako hazikuwa za bandia, shafti ndiyo iliyokuwa inazitafuna." Akaizungusha tena. "Nachukua vipimo nikukerezee nyingine, hii rudi nayo. Meza yako itatuzika wewe na mimi."

Uweso alisimama pale, uso umemwiva. Yeye hakuwahi kupasua chuma. Yeye kila ubao huupitishia kiganja na sumaku kabla hajauwasha msumeno. Basi kuna mtu alichukua ufunguo nyuma ya mlango, akaipinda shafti, akafagia unga, akaurudisha ufunguo mahali pake, na kwa miezi minane akamtazama mwenye mashine akiiwekea mikono yake kila siku. Akamtazama! Akaja kumjulia hali! Njia nzima ya kurudi Uweso alikuwa akisema peke yake, na watu wa barabarani wakampisha.

Hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Shaib, akaitupa shafti miguuni pake.

"Nani kaipinda hii?"

Alichokuwa nacho Shaib mkononi ni msasa. Akauweka.

"Mie."

"Lini?"

"Kaka, kaa kwanza."

"Sikai! Miezi minane, Shaib! Ningekatwa mkono ungekuja kunifunga kitambaa? Nimemtukana mtoto wa watu dukani. Nimemgombeza mke wangu. Nimeamini nimezeeka, mie na mashine yangu pamoja. Lini?"

"Iddi pili," alisema Shaib. "Siku ya Nasma."



Nasma alikuwa dada yake Uweso, tumbo moja. Iddi ile Uweso alikwenda Mkwaja kwa ndugu wa Time, na huko ndiko simu ya msiba ilikomfikia. Gari siku za sikukuu hazipatikani, njia ya Pangani ni ndefu, na maiti hangojwi. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na kumwagiwa maji.

"Maduka ya mbao yote yalifungwa," alisema Shaib. "Nikapata mbao za mashua kwa jirani aliyevunja yake. Nilitoa misumari, wallahi, nilitoa ninayoiona. Ubao wa tano ulikuwa na bolti ndani, imemezwa na mti. Msumeno ukapiga kelele nikadhani diski imenipasukia. Nikabadilisha diski, nikamaliza, watu walikuwa wananingoja na jeneza liko tayari. Kisha nikaona nitakwambiaje. Nimekuharibia mashine kwa mbao za dada yako. Kazi ya maiti haidaiwi wala hailaumiwi; ningekwambia, ungekosa hata pa kunigombeza. Kila siku nilisema kesho. Abdulwakil alipoleta huo mpya nikasema alhamdulillahi, ule uende, nisiusikie tena ukitetemeka."

Uweso alitaka kupiga kelele, na kelele zilikuwepo, kifua kimejaa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda ambacho hakijapigwa msasa.

"Mbao zilikaa sawa?" aliuliza.

"Zilikaa sawa. Nilishuka kaburini mwenyewe. Hapakupita hata punje ya mchanga."

Uweso akafunika uso kwa mikono yake yote miwili, na akalia, na hasira yake haikwisha. Shaib alibaki amesimama, hajui amshike au asimshike.

Alipomaliza, Uweso alijifuta kwa kikoi, akainuka.

"Abdulwakil nitamwambia mwenyewe, watu wake wasije. Huu hautupwi. Na shafti mpya utakwenda kuichukua weye, na utaipandisha weye mbele yangu." Akafika mlangoni, akageuka. "Na siku nyingine ukinivunjia changu, Shaib, uje uniambie siku ile ile, ningali na vidole vya kukupigia kofi."